Muuza programu naye aonyeshe daftari lake

KILA mwenye duka anajua kazi ya daftari. Mzigo ulioingia huandikwa, uliouzwa huandikwa, aliyechukua kwa mkopo huandikwa jina na siku, na jioni hesabu hufungwa. Kwa wengi daftari hilo sasa limehamia kwenye kompyuta au simu. Programu ndiyo inayojumlisha mauzo, inayotoa risiti, inayopunguza mifuko ya mbolea ghalani na kumkumbusha mwenye mali nani anadaiwa. Ni jambo jema. Lakini je, hesabu za programu yenyewe zinatunzwa wapi? Kasoro zake anaziandika nani, na ilipobadilishwa mwezi uliopita, kilibadilishwa kitu gani hasa?

Wauzaji wengi wa programu hawaulizwi swali hilo, na asiyeulizwa hana haja ya kujibu. Nchini Uingereza wenye maduka walioliuliza walinyimwa jibu kwa miaka mingi, na baadhi yao walifungwa jela.

Habari yao inafaa kusimuliwa kwa mfanyabiashara wa hapa, maana walikuwa watu wa namna yetu. Katika vijiji na miji midogo ya Uingereza, kaunta ya posta mara nyingi huwa ndani ya duka la kawaida linalouza mkate, maziwa na magazeti. Mwenye duka huiendesha kwa mkataba na Shirika la Posta, akipokea fedha za watu, akilipa pensheni na kuuza stempu. Kuanzia mwaka 1999 Posta iliwafungia mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya ICL, ambayo baadaye ilichukua jina la mmiliki wake, Fujitsu ya Japani. Tangu hapo hesabu ya kila kaunta ikawa ni ile inayosemwa na mashine.

Mashine ikisema fedha zimepungua, Posta ilimdai mwenye duka alipe kutoka mfukoni mwake. Jo Hamilton, aliyekuwa na duka katika kijiji cha South Warnborough, alipiga simu kuomba msaada baada ya mashine kumwonyesha upungufu wa pauni 2,000. Akafuata maelekezo aliyopewa kwenye simu, na upungufu ukawa pauni 4,000 mbele ya macho yake. Mwishowe alishitakiwa kwa zaidi ya pauni 36,000 na kutiwa hatiani kwa kuandika hesabu za uongo. Seema Misra wa West Byfleet alihukumiwa kifungo cha miezi 15 mwezi Novemba 2010, akiwa mjamzito. Wote wawili hawakuwa wezi. Mahakama ya Rufani ilifuta hatia zao Aprili 2021, pamoja na za wenzao 37.

Wengi waliopiga simu kulalamika waliambiwa kwamba tatizo ni lao peke yao. Hapo ndipo penye kiini cha makala haya, kwa sababu daftari la kasoro lilikuwapo.

Madaftari mawili

Fujitsu ilikuwa na mifumo miwili ya kumbukumbu. Mmoja uliitwa Peak. Kila tatizo lililofika kwa mafundi lilifunguliwa ukurasa wake humo, likapewa namba, na kila fundi aliyelishughulikia akaandika alichokiona na alichokifanya hadi lilipofungwa. Wa pili ulikuwa orodha ya kasoro zinazojulikana, ambayo watu wa kupokea simu waliisoma ili wajue cha kumjibu mteja. Kwa maneno mengine, ndani ya kampuni kulikuwa na maandishi ya miaka mingi yaliyoonyesha ni kasoro gani ilionekana lini, na ilitengenezwa katika toleo lipi la programu.

Chukua kasoro iliyokuja kuitwa kwa jina la tawi la Callendar Square, mjini Falkirk, Scotland. Katika tawi lile mashine moja ilikuwa inashindwa kuona kilichoandikwa na mwenzake, na fedha zilizohamishwa kutoka kaunta moja kwenda nyingine zikahesabiwa zaidi ya mara moja. Kumbukumbu zilionyesha kwamba tatizo hilo lilikuwapo tangu mwaka 2000, na dawa yake ilitoka katika toleo la Machi 2006. Ni miaka 6. Mwenye duka yeyote aliyepata upungufu katika muda huo alistahili kujua kwamba kasoro kama hiyo ipo, lakini hakuna aliyemwandikia.

Nyingine ilionekana mwaka 2015 katika tawi la Dalmellington. Mhudumu aliingiza pauni 8,000 za kupeleka kwenye kaunta ya nje, skrini ikakwama, akabonyeza kitufe cha kuingiza mara kadhaa kama ambavyo yeyote angefanya. Mashine iliandika pauni 8,000 kila alipobonyeza, zikawa 32,000. Upungufu wa pauni 24,000 ukazaliwa kwa kidole. Uchunguzi ulionyesha kuwa kasoro hiyo ilikuwa ikitokea kwenye matawi mengine tangu mwaka 2010.

Lakini linalotia uchungu zaidi ni kikao cha mwaka 2010 kati ya watu wa Posta na wa Fujitsu. Walijadili kasoro iliyofanya mapokezi na malipo yasilingane katika matawi 60 hivi, huku mwenye tawi akionyeshwa kwenye skrini kwamba hesabu zake zimekaa sawa. Maelezo ya kikao yalitaja hatari za habari hiyo kujulikana: matawi yangepoteza imani na mfumo, na kesi zilizokuwa mahakamani zingeguswa. Mwaka huohuo ndio Seema Misra alihukumiwa.

Wenye matawi 555, wakiongozwa na Alan Bates, walipoishitaki Posta, walidai waonyeshwe orodha ile ya kasoro zinazojulikana. Upande wa pili ulibisha kwamba haihusu kesi. Ilipopatikana, pamoja na maelfu ya kurasa za Peak, kesi ilibadilika sura. Hukumu ya Jaji Fraser ya tarehe 16 Desemba 2019 imejaa namba za kurasa hizo, moja baada ya nyingine, na aliandika kwamba mfumo wa awali haukuwa imara hata kidogo. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza lilitunga sheria maalumu ya kufuta hatia za mamia ya waliobaki.

Jambo la kuangalia ni kwamba jaji alifanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na mtengenezaji mwenyewe tangu mwanzo. Alichukua kumbukumbu za kasoro, akazipanga kwa tarehe na toleo, akapata historia ya programu inayosomeka na mtu asiye fundi. Kazi hiyo watengenezaji makini huifanya kila mara wanapotoa toleo jipya.

Kasoro inavyogeuka kuwa mstari wa orodha

Tuchukue mfano wa duka la pembejeo linalouza mbolea kwa kupima. Mteja ananunua nusu kilo, lakini baada ya programu kusasishwa, ghala linapunguzwa kilo nzima. Wiki mbili baadaye kompyuta inasema mbolea imekwisha, wakati mwenye duka anaona mifuko imesimama ukutani. Anampigia simu aliyemuuzia.

Aliyemuuzia akiwa mtu wa kazi, kitu cha kwanza anachofanya ni kufungua ukurasa katika daftari la kasoro na kuupa namba. Ataandika tarehe, nani kaleta habari, kasoro ilionekana katika toleo lipi, jinsi ya kuirudia ili fundi aione mwenyewe, na uzito wake. Kisha ataweka hali yake: wazi, inashughulikiwa, au imefungwa. Fundi akishapata dawa, kwenye kila badiliko analoingiza katika programu anaandika namba ileile. Hiyo namba ndiyo uzi unaofunga malalamiko ya dukani na kazi ya fundi.

Siku ya kutoa toleo jipya, mtunza orodha haandiki kwa kukumbuka. Analiuliza daftari: nipe kasoro zote zilizofungwa tangu toleo lililopita, zenye alama ya toleo hili. Mfumo unampa jedwali, la aina ileile ambayo karani yeyote huifungua kwenye Excel. Bugzilla, daftari la kasoro lililowekwa wazi kwa umma na mradi wa Mozilla mwaka 1998 na kutumiwa na wengi tangu hapo, inaweza kulitoa jedwali hilo mara moja, na mifumo mingine kadhaa hufanya vivyo hivyo. Wenye ujuzi huandika programu ndogo inayofanya uchotaji huo yenyewe, ili orodha isimsubiri mtu aliyechoka usiku wa manane.

Sasa hapa pana mtego. Kasoro hufungwa kwa sababu nyingi. Katika Bugzilla ukurasa unaweza kufungwa kwa kuwa kasoro imetengenezwa kweli, au kwa kuwa ilikwisha ripotiwa na mtu mwingine, au si kasoro, au fundi amejaribu akaona kwake inafanya kazi, au wameamua tu kwamba hawataitengeneza. Anayechota kila kilichofungwa na kukiita kimetengenezwa anamdanganya mteja, hata kama hakukusudia. Katika kesi ya Horizon jaji alikuta matatizo yaliyofungwa kwa kumlaumu mtumiaji ilhali chanzo kilikuwa ndani ya mfumo. Kwa hiyo uchotaji ulio sahihi huchagua sababu ya kufungwa, na zile za "kwetu inafanya kazi" huwekwa pembeni zitazamwe tena.

Baada ya kuchota huja kazi ya lugha, na hii hakuna mashine inayoifanya vizuri bila mtu kuipitia. Fundi ameandika kwenye ukurasa: "desimali inakatwa kwenye jedwali la stoo". Ni kweli, lakini muuza mbolea hawezi kujitambua humo. Mstari wa orodha unapaswa kusema hivi: mauzo ya chini ya kilo moja yalikuwa yanapunguza kilo nzima ghalani, imetengenezwa, hesabu za ghala za tangu toleo lililopita zikaguliwe upya. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani ya fedha, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Kurekebisha kasoro hakurudishi namba zilizokwisha kuharibika.

Mstari ukishaandikwa unawekwa juu ya orodha, ya zamani yakibaki chini yake kama yalivyo. Hakuna kufuta. Mtu anayefuta mistari ya zamani ili orodha ionekane safi ni sawa na karani anayechana kurasa za daftari la stoo.

Wanaofanya kazi hiyo hadharani

Mfano bora ninaoujua ni wa Debian, mfumo wa kuendesha kompyuta unaotolewa bure ulioanzishwa mwaka 1993 na ambao leo uko kwenye seva nyingi duniani. Tangu mwaka 1997 mkataba wao na jamii unasema wazi kwamba hawatayaficha matatizo, na kwamba daftari lao lote la kasoro litakuwa wazi kusomwa na umma wakati wote. Mwezi Novemba 2021 daftari hilo lilifika kasoro namba 1,000,000. Mtu mwenye haraka atasema ni aibu kuwa na kasoro milioni moja. Ila kumbuka ni za miaka karibu 30 na maelfu ya programu, na nyingi zilikwisha fungwa. Kampuni isiyoonyesha hata moja si kwamba haina.

Kila furushi la programu katika Debian lina orodha yake ya mabadiliko. Mtunzaji akiandika katika mstari wa orodha neno la kufunga pamoja na namba ya kasoro, furushi linapopokelewa mfumo unaifunga kasoro ile wenyewe na kumpelekea barua pepe mtu aliyeileta. Kwa hiyo orodha na daftari haviwezi kuachana kirahisi. Tena kuna programu ndogo ambayo, kabla hujaingiza toleo jipya kwenye kompyuta yako, huenda kuuliza daftari kama toleo hilo lina kasoro kubwa zinazojulikana, na kukuuliza kama bado unataka kuendelea. Fikiria mwenye duka angepewa nafasi hiyo kabla ya mashine yake kusasishwa usiku akiwa amelala.

Kwa wakulima upo mfano ulio karibu zaidi na shamba. farmOS ni programu huria ya kutunza kumbukumbu za shamba: mashamba, mifugo, mimea na zana kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine kazi zilizofanyika, mavuno, pembejeo na yaliyoonekana. Programu hiyo ina faili yake ya mabadiliko iliyo wazi. Juu kabisa huwekwa sehemu ya mabadiliko ambayo bado hayajatolewa, ikijazwa kidogo kidogo kadiri kazi inavyoendelea, na chini yake matoleo yaliyotangulia kwa namba na tarehe. Yaliyoongezwa yana kichwa chao, yaliyobadilishwa chao, yaliyotengenezwa chao. Mkulima anayeandika siku aliyopandia na siku aliyopiga dawa hahitaji kufundishwa faida ya mpangilio huo.

Na kwetu je? Programu zinazoendesha biashara zetu tumekwisha zizoea. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Mashine za kielektroniki za kutoa risiti za kodi zilianza kutumika Tanzania mwaka 2010. Zote hizo zinatengenezwa na kubadilishwa na watu ambao mwenye duka hawaoni. Hana uwezo wa kuzikagua moja moja. Anao uwezo mkubwa zaidi kwa yule kijana wa mjini anayemuuzia programu ya stoo na mauzo, kwa sababu hapo fedha inatoka mfukoni mwake mwenyewe.

Kabla ya kumlipa, mwambie akuonyeshe orodha ya matoleo yake yaliyopita. Hana haja ya kuwa na mtambo wa gharama. Mwenye wateja 10 anaweza kuanza na jedwali moja la Excel: namba ya kasoro, tarehe, mteja, maelezo, toleo ilimoonekana, hali, sababu ya kufungwa, toleo ilimotengenezwa. Akishalichuja kwa safu ya mwisho, nusu ya orodha ya matoleo iko tayari. Akisema programu yake haijawahi kuwa na kasoro, ama haina wateja ama haandiki. Wapo watakaokujibu kwamba wateja wakiona kasoro watakimbia. Mimi naona kinyume chake: mteja hukimbia siku anapogundua kwamba fundi alijua na akanyamaza.

Andikeni pia kwenye mkataba, hata ukiwa wa ukurasa mmoja, kwamba kila malalamiko yatapewa namba na kwamba hakuna kusasisha bila orodha ya kilichobadilika kutumwa kwanza, kwa ujumbe wa simu ikibidi. Wanaonunua kwa pamoja kupitia chama cha ushirika wana nguvu zaidi hapa. Chama kinaweza kudai kwamba kasoro iliyoonekana kwa mwanachama mmoja iarifiwe kwa wote siku hiyohiyo.

Upande wako, usitegemee daftari la muuzaji peke yake. Weka lako la karatasi, la kurasa chache tu. Kabla ya kusasisha programu, chapisha au nakili jumla ya mauzo, fedha iliyopo na idadi ya mali ghalani. Baada ya kusasisha, linganisha kabla hujahudumia mteja wa kwanza. Ukipiga simu kulalamika, andika saa, jina la uliyezungumza naye na namba ya kasoro aliyokupa. Akikuambia tatizo hilo ni lako peke yako, muombe akutumie orodha ya kasoro zilizo wazi kwa sasa, ujionee mwenyewe.

Anza na namba ya toleo unalotumia leo. Kwenye programu nyingi iko katika menyu, mahali palipoandikwa "Kuhusu", na kwenye mashine ndogo mara nyingi hujitokeza kwenye skrini kwa muda mfupi inapowashwa. Inakili pamoja na tarehe kwenye jalada la ndani la daftari lako, na chini yake uache nafasi ya namba zitakazofuata.